Mpakato chotara: pesa iende wapi?

Kishikwambi kilikuwa kimelazwa mezani kwa fundi, kioo chake kimeinuka upande mmoja kama kifuniko cha sufuria inayotaka kufoka. Betri ilikuwa imevimba. Fundi, kijana wa ghorofani Kariakoo ninayemfahamu kwa miaka, alipitisha kikausha nywele cha saluni pembezoni mwa kioo kwa dakika kadhaa, akachomeka kipande chembamba cha plastiki kati ya kioo na bodi, akawa anasukuma milimita kwa milimita. Gundi ikaanza kuachia. Halafu tukasikia "tik", na ufa ukakimbia kutoka pembeni hadi katikati. Aliinua kichwa akaniangalia kwa huruma. "Mzee, hivi vitu havikutengenezwa vifunguliwe."

Kifaa kile kilikuwa changu. Nilikinunua kwa furaha katika duka moja la hapa mjini: chepesi, kizuri, kibodi yake ikibandika na kubanduka kwa sumaku, na RAM ya GB 4 ambayo muuzaji alinihakikishia kwamba nitaiongeza nikipata hela. Haikuongezeka. Isingeweza kuongezeka, kwa sababu chipu zake zimelehemewa ubaoni. Betri nayo imebandikwa kwa gundi nyuma ya kioo, kwa hiyo kuibadilisha ni kucheza kamari na kioo chenyewe. Hayo yote niliyajua nikiwa nimeshalipa.

Kompyuta za zamani zilikuwa kama nyumba ya kujenga kidogo kidogo. Unahamia na vyumba viwili, ukipata unaongeza cha tatu. RAM ilikaa kwenye nafasi yake, diski ilichomolewa kwa skrubu mbili, betri ilibanduka kwa kidole. Mpakato chotara, yaani kompyuta inayokuwa laptop asubuhi na kishikwambi jioni, hauongezwi chumba. Ulivyo siku ya kuununua, kwa sehemu kubwa, ndivyo utakavyokuwa hadi siku utakapokufa. Ndiyo maana naona kuuchagua kunahitaji hesabu tofauti na ile tuliyoizoea: kwanza ujue kipi kitabadilika baadaye na kipi hakitabadilika, kisha hela yote iende kwenye kile kisichobadilika.

Nimeirudia hesabu hii kwa makini hivi karibuni, kwa sababu binti wa dada yangu anaanza mwaka wa kwanza wa kilimo Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine. Alikuja na bahasha na swali. "Shikamoo mjomba. Hela imepatikana. Nataka ile inayogeuka, niandikie kwa kalamu. Ninunue ipi?" Siku ile nilimjibu kwa ufupi. Haya ndiyo majibu kamili.

Tuanze na umbo, maana ndilo lisilobadilika kuliko yote. Wazo la kompyuta ya kuandikiwa kwa kalamu si geni. Microsoft ilizindua Tablet PC mwaka 2002, mashine nzito zilizopendwa na wachache. Mwaka 2012, pamoja na Windows 8, ndipo zilipotokea njia mbili tunazozijua leo. Ya kwanza ni ya Surface: kompyuta nzima imekaa nyuma ya kioo, mgongoni kuna kiguu cha kuiegemeza, na kibodi ni kifuniko tu kinachobanduka. Ya pili ni ya Yoga ya Lenovo: ni laptop kamili, ila bawaba zake zinazunguka nyuzi 360 hadi kioo kikutane na tumbo la kibodi. Karibu kila chotara unayoiona dukani, iwe ya HP, Dell, Asus au nyingine, ni mtoto wa mmoja wa hawa wawili.

Lugha yetu imeiita kompyuta hii mpakato kwa sababu inapakatwa, na hapo ndipo njia hizi mbili zinapoachana. Yenye kiguu haipakatiki vizuri. Inataka nafasi ya kibodi mbele na nafasi ya kiguu nyuma, na mapaja ya watu wengi hayafiki. Kiguu kinachoma paja, kioo kinayumba, kibodi inabonyea katikati. Ukumbi wa mihadhara wenye vile vibao vidogo vya kukunjua, benchi la stendi, kiti cha basi la Morogoro: kote huko inashindwa. Yenye bawaba inakaa popote laptop inapokaa.

Upande wa pili, anayefanya kazi amesimama ataishukuru ile ya kubandua. Muuguzi anayezunguka wodini na mpima ardhi wanataka kitu cha kushika kwa mkono mmoja. Makarani wa sensa ya 2022 hapa Tanzania walizunguka nyumba kwa nyumba na vishikwambi, na kwa kazi ile ya kujaza majibu mafupi vilifaa kabisa. Baadaye vishikwambi vile vikapelekwa kwa walimu. Mwalimu yeyote aliyejaribu kuandika andalio la somo zima kwa kugusagusa kioo anajua kibodi ina thamani gani.

Watu wengi hudanganywa na uzito. Surface Pro 7 ina gramu 775, na ukiipima hivyo unaona imeishinda laptop kwa mbali. Ongeza kibodi yake, kama gramu 300, unavuka kilo moja. ThinkPad X1 Yoga ya kwanza, ya 2016, ilikuwa na takriban kilo 1.3. Ndani ya begi tofauti hiyo huisikii. Utaisikia mkononi tu: kilo 1.3 ukiishika kama daftari kwa dakika kumi, kifundo cha mkono kinalalamika. Kwa hiyo jiulize ni saa ngapi kwa siku utaishika hewani, na ni saa ngapi itakaa juu ya kitu. Kwa mwanafunzi jibu liko wazi.

Kuna pia joto. Katika ile ya kubandua, prosesa, betri na kioo vimebanana ndani ya unene wa kidole, na nyingine hazina feni kabisa. Surface Pro 7 yenye i5 ni mojawapo. Faida yake ni ukimya, na hakuna tundu la kuvuta vumbi. Lakini chipu ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na chumba cha Dar es Salaam mwezi Januari hakiipi nafasi ya kupoa. Unaanza kazi ikiwa na kasi, nusu saa baadaye umeshika mashine nyingine.

Bei nayo ina mtego wake. Surface Pro ya 2024 ilitangazwa kuanzia dola 999 nchini Marekani, bila kibodi. Kibodi yake ya juu, ile inayofanya kazi hata ikiwa imebanduliwa, iliuzwa dola 349, zaidi ya theluthi ya bei ya kompyuta yenyewe. Kalamu ikiwemo, 449. Ipo kibodi ya bei nafuu zaidi, lakini nayo hununuliwa kando. iPad Pro ya inchi 13 ya mwaka huohuo: dola 1,299, ongeza 349 za kibodi na 129 za kalamu, umefika 1,777. Yenye bawaba inakuja na kibodi yake, na baadhi ya ThinkPad Yoga zina kalamu inayolala kwenye kishimo ubavuni na kujichaji humohumo. Nami naipenda kwa jambo jingine dogo: kwenye nyingi ya Yoga hizo, ukigeuza kioo, vitufe huzama na kujifunga, kwa hiyo vidole vyako havipapasi meno ya kibodi huko nyuma.

Baada ya umbo, RAM. Hapa sina lugha ya kupoza: usinunue GB 4. Microsoft inasema Windows 11 inahitaji angalau GB 4, lakini hicho ni kiwango cha kuiwasha, si cha kuifanyia kazi. Fungua kivinjari chenye kurasa kumi, hati ya Word, na kikao cha Zoom, zimekwisha. Tena chotara nyingi hazina RAM ya pekee kwa ajili ya picha, kwa hiyo kioo nacho huchota humohumo. RAM ikijaa, mfumo huanza kuhamishia mizigo kwenye diski na kuirudisha, na hapo ndipo unapoona kiduara kinazunguka huku wewe unasubiri. GB 8 ni sakafu. GB 16 ndiyo ya mtu anayetaka miaka minne ya chuo bila majuto. Mwaka 2024 Microsoft yenyewe ilipoweka masharti ya kompyuta zake mpya za Copilot+, ilianzia GB 16, na hiyo inakuonyesha watengeneza programu wanaelekea wapi.

Karibu chotara zote nyembamba zina RAM iliyolehemewa: Surface, X1 Yoga, EliteBook x360 1030. Diski ni habari tofauti. X1 Yoga inafunguka chini kwa skrubu na SSD yake inabadilishwa kwa dakika tano, na Surface Pro 8 ya 2021 ina kifuniko kidogo mgongoni kwa kazi hiyo. Hivyo ukiwekewa mbili mezani kwa bei moja, moja ina RAM ya GB 8 na diski ya GB 512, nyingine GB 16 na diski ya GB 256, chukua ya pili bila kusita. Diski utaongeza. La kuepuka ni eMMC, ile hifadhi ya bei rahisi inayowekwa kwenye chotara ndogo, mara nyingi GB 64. Imelehemewa, na kasi yake haifiki hata robo ya SSD nzuri za NVMe. Ikiungana na RAM ya GB 4, umejinunulia subira.

Kwenye prosesa, watu husoma herufi ya kwanza na kuacha zinazofuata. "Ni i5 hii, bosi." i5 ipi? Tarakimu inayofuata kistari, au mbili kuanzia kizazi cha kumi, ndiyo kizazi. i5-7200U ina viini viwili. i5-8250U, iliyotoka 2017, ina vinne. Jina la ukoo ni moja, lakini moja ina viini mara mbili ya nyingine. Tazama pia herufi. Ukiona i5-7Y54, hiyo Y inakuambia ni chipu ya umeme kidogo sana, ya ukoo uliokuwa ukiitwa Core m; Intel iliupa jina la i5 katika kizazi cha saba. Si chipu mbaya kwa kusomea na kuandika, ila usilipie bei ya i5 ya kawaida.

Kizazi cha nane kimekuwa ukuta. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiacha vighairi vichache, inakubali chipu za Intel kuanzia kizazi hicho. Surface Pro ya 2017 imebaki nje ya ukuta. Surface Pro 6 ya 2018 iko ndani. Ziweke pamoja kwenye meza ya duka, hutazitofautisha kwa macho. Muuzaji naye hatakuambia, na pengine hajui. Washa, fungua mipangilio, soma jina la prosesa wewe mwenyewe.

Sasa zimeingia chotara zenye Snapdragon badala ya Intel, ikiwemo hiyo Surface Pro ya 2024. Zinakaa na chaji vizuri na hazichemki ovyo, na kwa nchi za joto na umeme wa kukatikakatika hilo ni jambo kubwa. Programu nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya Intel zinaendeshwa humo kupitia mkalimani wa ndani. Lakini mkalimani huyo hatafsiri draiva. Printa ya zamani ya ofisi, skana, kifaa cha alama za vidole: kama mtengenezaji hajaandika draiva mpya, havitafanya kazi, na hakuna fundi atakayekusaidia. Surface ya kwanza ya 2012 ilijaribu njia hii mapema mno, bila mkalimani kabisa, na Julai 2013 Microsoft ikafuta dola milioni 900 kwenye hesabu zake. Leo mambo ni tofauti sana. Hata hivyo nilimwambia mpwa wangu: waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu wanatumia programu gani, uje na orodha, ndipo tuzungumzie Snapdragon. Hakuja na orodha, na mimi nikaliacha suala hilo.

Kioo na kalamu ndivyo vilivyomleta kwenye chotara, kwa hiyo tulipokwenda dukani huku ndiko tulikokaa muda mrefu. Umbo la kioo kwanza. Karatasi ya A4 ikisimama, urefu wake ni mara 1.41 ya upana. Kioo cha 3 kwa 2 kina mara 1.5, kinaikaribia sana. Kile cha 16 kwa 9 kina mara 1.78, na ukikisimamisha unapata kitu kirefu chembamba, ukurasa wa kitabu unaelea katikati huku juu na chini kukiwa patupu. Kwa anayesoma vitabu vya PDF usiku kucha, hii ni tofauti ya kila siku. Halafu mwanga: hupimwa kwa niti. Niti 300 zinatosha chumbani. Shambani saa sita mchana, kioo kile cha kung'aa kinakuwa kioo cha kujitazamia. Huko unataka 400 na zaidi, na bado utatafuta kivuli cha mwembe.

Kalamu zina makabila, na hazioleani. Kuna zisizohitaji betri kabisa kwa kuwa kioo chenyewe huzipa nguvu, kama S Pen ya Samsung. Kuna zenye betri, kama za Surface na Apple Pencil. Ya Surface haiandiki kwenye iPad, ya Samsung haiandiki kwenye Surface. Zile zenye kichwa cha mpira zinazouzwa barabarani ni kidole tu kilichorefushwa. Hazijui ukikandamiza wala ukiegemeza kiganja. Namna nzuri ya kuijaribu ni hii: weka rula juu ya kioo kwa mshazari, vuta mstari polepole sana. Ukiharakisha, kalamu zote zinaonekana nzuri.

Mpwa wangu hakutumia rula. Alichora jani la muhindi, kwa kuwa alijua atalichora sana: mshipa mkuu katikati, halafu mishipa mingine sambamba, mmoja baada ya mwingine, taratibu. Kwenye chotara ya kwanza mishipa ilitoka na mawimbi, kama imechorwa juu ya daladala inayotembea. Kwenye ya pili ilinyooka, na mkono wake ulipolala juu ya kioo hakukuwa na alama ya ajabu hata moja. Alichora la pili. Muuzaji akanyamaza, nami nikanyamaza.

Betri tuliipima kwa amri, na ningependa kila mnunuzi aijue. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport. Windows itatengeneza ukurasa wenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa sasa ikijaa. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Chini ya 70 kwa mia, kama ni ya kubandua iliyobandikwa kwa gundi, rudisha mezani. Kama ni ya bawaba inayofunguka kwa skrubu, omba wapunguze bei ya betri mpya. Haki isemwe: watengenezaji wameanza kusikia. iFixit, wanaopima urahisi wa kutengenezeka, waliipa Surface Pro ya 2017 alama 1 kwa 10, na ile ya 2024 alama 8. Kinachoua betri kwetu ni joto pamoja na kuishindisha ikiwa imejaa asilimia mia kwenye chaji. Kama mipangilio inaruhusu kuizuia ifikapo 80, izuie.

Kisha tundu la chaji. Sitanunua tena chotara isiyochaji kwa USB-C, na sitamnunulia mtu. Surface Pro zilianza kuchaji hivyo kwenye Pro 7 ya 2019. Kabla ya hapo ni tundu lake la pekee, na chaja ikipotea safarini umekwama. USB-C inakuwezesha kuazima chaja ya jirani, na umeme ukikatika, kutumia pawabenki. Ya mAh 20,000 ina takriban wati-saa 74. Ukitoa zinazopotea njiani, bado inatosha kuijaza betri ya wati-saa 50 mara moja. Ila pawabenki yenyewe iwe na uwezo wa kutoa wati 45 au 65; ile ya simu ya wati 10 haitafanya kitu.

iPad, Samsung Galaxy Tab na Chromebook nizitaje kwa haki yake. Kwa kuchora na kusoma, iPad na Galaxy Tab S ni bora kuliko chotara nyingi za Windows, na Samsung huweka kalamu ndani ya boksi. Tatizo ni programu za chuo zilizoandikwa kwa Windows. Asiyezihitaji asisumbuke na mengine yote niliyoyaandika hapa.

Mpya au iliyotumika? Kwa bajeti yetu, iliyotumika daraja la juu imeishinda mpya daraja la chini kila tulipolinganisha: mwili wa chuma, bawaba imara, RAM ya kutosha. Wakenya huziita ex-UK, sisi husema used. Mambo mawili yaangaliwe. Kibodi huenda ikawa ya Ujerumani au Ufaransa, Z na Y zimebadilishana au A iko mahali pa Q. Kwa mtu wa Bujumbura au Lubumbashi ya Kifaransa ni nyumbani, kwa wa Morogoro ni kero. La pili ni kubwa zaidi: kompyuta nyingi hizi zilikuwa mali ya makampuni, na nyingine bado zimesajiliwa kwao. Ifute kabisa hapohapo dukani, iunganishe na intaneti, uiache ianze upya. Ikikuomba anwani na nywila ya kazini ya kampuni usiyoijua, iache. Muuzaji akikataa isifutwe, umepata jibu lako.

Tulitoka na yenye bawaba: kizazi cha nane, RAM GB 16, diski GB 256, kioo cha 16 kwa 9. Hicho kioo ndicho tulichoachia, maana cha 3 kwa 2 kilichokuwepo kilikuja na GB 8. Ripoti ya betri ilisoma asilimia 84. Kalamu ilikuwa kwenye kishimo chake ubavuni. Kwenye kioo jani la muhindi lilikuwa bado halijafutwa, naye akaomba lihifadhiwe kabla mashine haijafutwa. Alilituma kwenye simu yake, ndipo tukabonyeza.